Dk. Kleruu: Malalamiko ya Isimani Yangepelekwa kwa Nani?

Wanachuo wenzangu, ukimwuliza mtu hapa Iringa mjini akuelekeze Kleruu, atakuonyesha chuo cha ualimu. Hata mimi nilikuja huku kutoka Tukuyu, mkoani Mbeya, nikijua hivyo hivyo, kwa sababu mwalimu wangu wa Fizikia alisoma pale na hakuchoka kutusimulia. Mwaka jana ndipo nilipojua vizuri kwamba kabla ya kuwa chuo, Kleruu alikuwa mtu.

Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja kando ya barabara ya Dodoma. Kipindi kilikuwa cha Historia, kidato cha nne, mada ni Azimio la Arusha na ujamaa. Nimejaza ubao tayari, mara kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Akasema babu yake huwa anawasimulia habari za Mkuu wa Mkoa aliyeuawa shambani siku ya Krismasi. Darasa likachangamka. Wengine wakasema aliyeuawa alikuwa shujaa, wengine wakasema shujaa ni yule aliyeua. Wakanigeukia mimi mwalimu. Nikawajibu kwamba tutaendelea kipindi kijacho, lile jibu letu walimu wa fildi tukibanwa.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza. Naandika maisha ya mtu huyu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni deni langu kwa kidato cha nne. Ya pili inatuhusu sisi wenyewe hapa chuoni, nitaifikia mwishoni.

Msomi aliyeingia chamani

Dk. Wilbert Kleruu, ambaye jina lake utalikuta pia limeandikwa Klerruu, alikuwa mtu wa Kilimanjaro. Alisoma mpaka Marekani na kurudi na shahada ya uzamivu. Leo daktari wa falsafa unamkuta kila korido ya chuo, lakini rudi nyuma mpaka miaka ya mwanzo ya Uhuru. Mwaka 1961 Watanganyika wenye shahada ya kwanza tu walikuwa wachache mno kwa nchi nzima. Mtu mwenye uzamivu angeweza kuchagua kazi yoyote: ubalozi, wizara, chuo kikuu, hata kubaki ng'ambo.

Kleruu alichagua chama. Alifanya kazi ndani ya TANU, na aliandika juu ya mfumo wa chama kimoja wakati nchi ilipokuwa inaelekea huko. Mwaka 1965 mfumo huo ukawa sheria. Hoja ya wakati ule tunaifahamu: watu wetu wana lengo moja, kujenga taifa, kwa hiyo chama kimoja kinatosha, na mabishano yafanyike humo humo ndani. Kleruu aliiamini hoja hiyo kwa moyo wote. Naomba msomaji aishike, maana ndiyo itakayotusumbua mpaka mwisho wa makala.

Baadaye akapewa mkoa. Alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara katika miaka ambayo ng'ambo ya mto Ruvuma vita vya ukombozi wa Msumbiji vilikuwa vinawaka. Kule, kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa kulikuwa na sababu mbili kwa mpigo, kilimo na usalama. Mtwara ikawa mbele ya mikoa mingine kwa wingi wa vijiji. Kiongozi aliyetoka Mtwara alitoka na sifa, na kwa sifa hiyo Kleruu akaletwa Iringa.

Wanaomkumbuka kwa wema husema hakuwa kiongozi wa kukaa ofisini. Alikwenda vijijini, alishika jembe, alikula walichokula watu. Wakulima wadogo wasio na trekta wala mtaji walimwona kuwa mtu wao. Hilo lisisahaulike, maana ni rahisi kumchora mtu kama jitu la kutisha kisha tukajiona sisi tuko salama.

Isimani ya mahindi

Ukitoka Iringa mjini kuelekea Dodoma unaingia Isimani. Leo ukipita wakati wa kiangazi unaona ukame, mibuyu, na akina mama wanauza vitunguu kando ya lami. Lakini katika miaka ya 1950 Isimani ilikuwa ghala. Watu walifungua mapori, wakalima mahindi, wakauza. Walikuja wenyeji Wahehe na wageni wa makabila mengine. Wengine walibaki na ekari chache. Wengine walipata mashamba makubwa, wakanunua matrekta, wakaajiri vibarua. Kufikia miaka ya 1960 ardhi ilishaanza kuchoka, na tofauti kati ya mwenye trekta na kibarua wake ilionekana kwa macho.

Mbele ya Azimio la Arusha la Februari 1967, sehemu kama hiyo ilikuwa ni swali. Chama kilisema hakitaki mtu amnyonye mwenzake, na Isimani walikuwapo matajiri wa mahindi na vibarua wao. Mwaka 1969 ukatoka Waraka wa kwanza wa Rais wa mwaka huo, ukiagiza idara zote za serikali zitilie mkazo vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alishaeleza mwaka 1968 kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia ujamaa, washawishiwe. Sasa jiweke kwenye kiti cha Mkuu wa Mkoa. Karatasi moja inasema usilazimishe. Nyingine inataka vijiji. Mwisho wa mwaka vinavyohesabiwa ni vijiji, hakuna anayehesabu ni mara ngapi ulikaa chini na kushawishi.

Kleruu aliikabili Isimani kwa nguvu zake zote. Mashamba makubwa yakaanza kuingizwa katika ardhi ya vijiji. Kwa mwenye ekari 2 hiyo ilikuwa neema. Kwa aliyefyeka pori kwa mikono yake miaka 15 nyuma, akazika ndugu zake pembeni ya shamba hilo hilo, ilikuwa ni kunyang'anywa. Na habari za ukali wa Mkuu wa Mkoa zikaenea: kwamba anafoka, kwamba anadhalilisha watu wazima mbele ya familia zao.

Kofia mbili

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu, na ndipo nataka tukae kidogo.

Tuseme wewe ni mkulima wa Isimani mwaka 1971. Kiongozi amekutukana. Sera hutaki kuibishia, unalalamikia mwenendo wake kazini. Unakwenda wapi?

Unaanza kwa balozi wa nyumba kumi. Huyo ni mtu wa TANU. Anakupeleka kwenye tawi. Tawi linakupeleka wilayani. Wilayani, Katibu wa TANU ndiye huyo huyo Mkuu wa Wilaya. Ukipanda mpaka mkoani, Katibu wa TANU wa Mkoa ndiye Mkuu wa Mkoa. Ndivyo utaratibu ulivyokuwa: mtu mmoja, kofia mbili. Mwenyekiti wa kuchaguliwa alikuwapo, lakini ofisi, mafaili na muhuri vilikuwa kwa katibu. Kwa hiyo barua ya kumlalamikia Dk. Kleruu, ikifuata njia halali hatua kwa hatua, ingetua mezani kwa Dk. Kleruu. Na tangu 1962 sheria ilimpa Mkuu wa Mkoa mamlaka ya kumweka mtu ndani mpaka saa 48.

Kulikuwa na mlango mwingine. Mwaka 1966 nchi ilianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, chini ya Chifu Erasto Mang'enya, kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya viongozi na watumishi. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake Afrika, na ilizunguka mikoani. Ni jambo la kujivunia. Ila ripoti ya uchunguzi ilikwenda kwa Rais kwa siri, na Rais ndiye aliyeamua. Mlalamikaji wa Isimani asingeweza kuona kwa macho kwamba kiongozi wake ameulizwa swali.

Halafu ikaja Februari 1971. Halmashauri Kuu ya TANU ikapitisha Mwongozo. Huko nyuma, masharti ya uongozi ya Azimio yalikuwa yanahusu zaidi mali: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha. Mwongozo ukaongeza tabia. Kifungu cha 15 kikasema wazi kwamba kiongozi hatakiwi kuwa na majivuno, anasa, dharau wala uonevu. Kwa mara ya kwanza chama kilikuwa kimeandika kwamba namna bosi anavyosema na walio chini yake ni suala la chama.

Watu walikisoma kifungu kile na kukiamini. Viwandani Dar es Salaam wafanyakazi walianza kuwakataa mameneja waliowatukana. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walifika mahali pa kumtoa mwenye kiwanda na kuendesha uzalishaji wenyewe. Lakini mwenendo huo ulipoenea, mlango ukafungwa. Kwingineko walikamatwa watu na kurudishwa makwao.

Kwa sisi wa jumuiya za wanafunzi kuna kisa kinachotugusa moja kwa moja. Julai 1971, Rais wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Symonds Akivaga kutoka Kenya, alimwandikia barua ya wazi Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, akiulalamikia uongozi wa chuo kwa kwenda kinyume cha Mwongozo. Makamu Mkuu alikuwa ametoka kwenye ukatibu mtendaji wa TANU. Majibu yakawa askari wa kutuliza ghasia. Akivaga alichukuliwa chuoni na kupandishwa ndege kurudishwa Nairobi. Wanafunzi wakagoma kuingia madarasani, na baadaye aliruhusiwa kurudi. Angalia mpangilio wake lakini: mlalamikaji alishughulikiwa kwanza, malalamiko yenyewe yakaja kuzungumzwa baadaye.

Nidhamu ya chama ilikuwapo, tena kali. Oktoba 1968 TANU iliwafukuza kwa pamoja wanachama kadhaa wakiwamo wabunge. Watu wa nyanda zetu hizi walikuwamo: Eli Anangisye wa Rungwe kwetu, Wilfred Mwakitwange wa Mbeya, na Chogga wa Iringa. Walihesabiwa kuwa wanakwenda kinyume na msimamo wa chama. Alikuwamo pia Oscar Kambona, ambaye alishakimbilia Uingereza. Sisemi wote walikuwa malaika. Ninachosema ni kwamba chama kilikuwa mwepesi kumwadhibu aliyekipinga chama, na mzito kumwuliza aliyemdhalilisha mwananchi kwa jina la chama.

Krismasi ya 1971

Desemba 25, 1971 iliangukia Jumamosi. Watu wengi walikuwa mapumzikoni. Dk. Kleruu alichukua gari akaendesha mwenyewe mpaka Mkungugu, Isimani, kwenye shamba la Saidi Abdallah Mwamwindi, mkulima mkubwa wa mahindi. Alimkuta yupo kazini. Mwamwindi alikuwa Mwislamu, na ilikuwa majira ya kulima.

Wakajibizana. Kwa maelezo yaliyotolewa baadaye mahakamani upande wa Mwamwindi, Mkuu wa Mkoa alimtukana na kumchokonoa kwa fimbo, na yalisemwa maneno kuhusu makaburi ya jamaa zake yaliyokuwa pale. Mwamwindi akaingia ndani, akatoka na bunduki, akampiga risasi Dk. Kleruu akafa. Kisha akaupakia mwili kwenye gari la marehemu mwenyewe, akaendesha mpaka Iringa mjini, akajisalimisha polisi.

Nimejaribu kumfikiria Kleruu katika ile safari ya asubuhi. Hakuwa na dereva, hakuwa na askari. Kama angekuwa mwizi wa mali ya umma angekuwa nyumbani anakula pilau ya sikukuu. Alikuwa anafanya kazi. Aliiamini kazi ile kiasi cha kutoona sikukuu. Na nadhani hapo ndipo hatari ilipokuwa. Mtu anayejua nia yake ni njema, na ambaye juu yake hakuna mtu wa karibu wa kumwambia mzee hapo umekosea, anaweza kumchokonoa mtu mzima kwa fimbo mbele ya makaburi ya ndugu zake na akaona ni sehemu ya majukumu.

Na Mwamwindi je? Aliua. Mtu aliyeondoka nyumbani asubuhi hakurudi. Kesi ilisikilizwa Iringa mwaka 1972 mbele ya Jaji Onyiuke, Mnijeria aliyekuwa katika Mahakama Kuu yetu. Utetezi ulijaribu njia ya kuchokozwa na ya kutokuwa na akili timamu wakati wa tendo. Mahakama haikukubali. Mwamwindi alihukumiwa kifo na akanyongwa.

Mahakama ilifanya kazi yake: iliulizwa kama Mwamwindi ameua kwa kukusudia, ikajibu. Kumwuliza Mkuu wa Mkoa alivyofanya kazi yake haikuwa kazi ya mahakama ile, na mwenyewe alikuwa ameshazikwa. Swali lile lilikuwa la chama, na muda wake ulikuwa kabla ya Krismasi. Chama kilikuwa kimejiandikia kifungu cha 15 miezi 10 tu kabla. Karatasi ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu asiye Kleruu wa kuipokea barua.

Baada ya hapo Kleruu akawa shahidi wa ujamaa, na chuo cha ualimu kikapewa jina lake. Vijiji viliendelea. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, ndani ya miaka 3. Kushawishi kukawa kumekwisha. Isimani wakabaki na habari mbili zinazosimuliwa kwa sauti ya chini, kila moja na shujaa wake, ndizo nilizokuja kuzikuta darasani zaidi ya miaka 50 baadaye.

Mara moja walijibu

Ili nisionekane nasema chama tawala cha zama zile hakikuwahi kuwagusa watu wake, kipo kisa cha pili. Mwaka 1976, katika msako wa wauaji mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa walikufa mikononi mwa polisi na maofisa usalama. Habari ilipofika juu haikuzikwa. Mwanzoni mwa 1977 mawaziri wawili, Ali Hassan Mwinyi wa Mambo ya Ndani na Peter Siyovelwa aliyekuwa Ofisi ya Rais, walijiuzulu, pamoja na wakuu wa mikoa hiyo miwili. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani. Mzee Mwinyi hakuwa Mwanza wala Shinyanga, hakumpiga mtu, lakini alikubali kwamba yametokea chini ya dhamana yake. Hakuharibikiwa. Mwaka 1984 alikuwa Rais wa Zanzibar, na 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Kwa hiyo chama kuwajibisha watu wake inawezekana, na chama hakikufa kwa kufanya hivyo. Ila ilihitaji watu kufa kwanza. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kushughulikia malalamiko na kushughulikia maiti.

Leo tuna vyama vingi tangu 1992. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ilirithiwa mwaka 2001 na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kuna Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995. Vyama vina kamati za maadili. Sasa fanya zoezi dogo: taja wanasiasa maarufu waliofukuzwa na vyama vyao katika miaka hii ya karibuni. Mimi wanaonijia haraka ni Zitto Kabwe kutoka CHADEMA 2015, Bernard Membe kutoka CCM 2020, na wale wabunge 19 wa viti maalumu wa CHADEMA Novemba 2020. Pima mwenyewe kila kesi. Lakini zote zilihusu utii kwa chama. Hebu jaribu kumtaja haraka hivyo hivyo mmoja aliyefukuzwa kwa jinsi alivyomtendea katibu muhtasi wake, dereva wake au mhudumu wa ofisi. Vyama ni tofauti, bendera ni tofauti, lakini kipimo kinachotumika ni kile kile cha 1968.

Na sisi je?

Sasa sababu yangu ya pili.

Muhula fulani nilikuwa kwenye kundi la kampeni la kiongozi mmoja wa wanafunzi. Sitamtaja, na wanaonijua msianze kubashiri. Kulikuwa na dada mmoja wa mwaka wa kwanza aliyekuwa akifanya kazi ya kuchapa na kutunza kumbukumbu kwa posho ndogo. Akaleta malalamiko: mheshimiwa anamtolea maneno machafu, na posho yake inacheleweshwa kila akimjibu. Alifuata njia halali kabisa. Alimwambia mtu aliyepangwa kupokea malalamiko. Mtu huyo alikuwa anaishi chumba kimoja na mheshimiwa.

Tulikutana usiku, watu kama 8, juu ya vitanda vya hosteli. Ilisemwa kwamba uchaguzi uko karibu, tusiwape wapinzani silaha. Ilisemwa kwamba mheshimiwa ametupigania kwenye suala la bumu kuliko kiongozi yeyote. Hilo lilikuwa kweli. Ilisemwa kwamba tutayamaliza wenyewe, ndani. Nilikuwepo. Sikusema kitu. Ilipofika wakati wa kukubaliana, niliinua mkono na wenzangu. Yule dada aliacha kazi wiki iliyofuata, na sisi tukashinda uchaguzi.

Hakuna aliyekufa. Ndiyo maana tulisahau haraka. Lakini niliposoma kuhusu ile barua ya Isimani ambayo ingetua mezani kwa anayelalamikiwa, nilijikuta nimerudi kwenye kile chumba. Hoja yetu ya kuyamaliza ndani ndiyo ile ile ya wazee wa 1965. Ni hoja tamu, na kuna mambo yanamalizika hivyo. Ila ndani kunafaa pale tu ambapo ndani kuna mtu asiyemwogopa mkubwa wala asiyemtegemea.

Sisi wa ualimu tunakwenda kuwa watumishi wa umma. Wengi tutakuwa chini ya mkuu wa shule, baadaye wengine tutakuwa wakuu wa shule. Tutakuwa na wapishi, walinzi, makarani chini yetu. Wengine mtaingia siasa, nawafahamu, mmeanza hapa hapa. Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu kwa jumuiya yetu, yajadiliwe kwenye bunge la wanafunzi kabla ya uchaguzi ujao.

Kwanza, malalamiko dhidi ya kiongozi yasipokelewe na mtu wa kundi lake. Awepo mwalimu mlezi mmoja na mwanafunzi mmoja asiyegombea kitu chochote. Pili, mlalamikaji apewe majibu kwa maandishi ndani ya siku 14, hata kama majibu ni kwamba ushahidi haukutosha. Na anayelalamikiwa naye asikilizwe, maana kusingiziwa kupo, hasa miezi ya kampeni. Tatu, mlalamikaji aendelee na kazi yake na posho yake wakati shauri linaendelea. Kama kuna mtu wa kukaa pembeni kwa muda, awe mwenye cheo.

Hayo hayahitaji bajeti. Yanahitaji kundi lililo madarakani likubali kwamba siku moja litajibu swali la mtu mdogo.

Kidato cha nne nilirudi kwao. Niliwaambia Dk. Kleruu alikuwa mtu mwenye imani na mchapakazi, na kwamba kuuawa kwake kulikuwa kosa. Niliwaambia pia kwamba malalamiko ya Isimani hayakuwa na pa kwenda. Yule kijana wa nyuma akauliza kama siku hizi yana pa kwenda. Kengele ikaniokoa.

Na yule dada, bado yupo chuoni, sasa ni mwaka wa pili. Wiki iliyopita nilimfuata kantini nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa kaka, akaendelea kula chipsi zake. Nadhani nilistahili hivyo. Hati ya mapendekezo haya matatu ameisoma yeye kwanza, na ile sentensi ya posho katika pendekezo la tatu ni yake.